Hondohondo na Ua la Kinamasi

Mama Pacha alikuwa akikaanga vitunguu kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulishika daftari. Pacha wake walimvuta sketi, huyu huku, yule kule.

"Utaunguza vitunguu," alisema mumewe, fundi viatu.

"Afadhali viungue kuliko nirudie darasa!"

Siku ya Ijumaa angesoma kazi yake mbele ya darasa la jioni. Akifaulu, angepanda daraja. Mwalimu alikuwa amewapa wanafunzi picha mbili zenye maelezo, wazilinganishe. Moja ilikuwa ya hondohondo, ndege wa misitu ya joto. Nyingine ilikuwa ya mmea mdogo wenye maua, uotao kwenye vinamasi vya nchi za baridi. Mama Pacha alijaza kurasa mbili. Mwalimu akamrudishia. "Umeeleza vizuri," alisema, "lakini hujalinganisha."

Jirani yao, mama wa kitalu cha miche, alikuja kuomba chumvi. Akalisoma daftari.

"Ndege umeandika anakula nini. Mmea umeandika ua lina rangi gani. Mwanangu, nikipima kimo cha mche huu na uzito wa ule, nitajua upi umekua zaidi?"

Mama Pacha akacheka. "Hutajua, mama."

"Basi! Uliza swali moja, lijibiwe na wote wawili."

Fundi viatu akachukua mwiko, akaendelea kukaanga. Mama Pacha akachora mstari katikati ya ukurasa. Upande huu ndege, upande ule mmea. Wanapataje chakula?

"Jamani! Ndege anakula matunda na wadudu. Na huu mmea nao unanasa wadudu, kwa majani yenye gundi!"

Akauliza swali la pili. Wanalindaje kizazi?

Ijumaa ilipofika, Mama Pacha alisimama mbele ya darasa. Akafungua daftari, akasoma.

"Hondohondo jike hujifungia ndani ya shimo la mti na kuziba mlango. Huacha upenyo tu, dume amlishe. Mmea huinua ua lake juu, mbali na gundi, ili wadudu wanaousaidia kupata mbegu wasinaswe. Mmoja ana mbawa, mwingine una mizizi. Lakini wote wawili hulinda kizazi chao."

Mwalimu akapiga makofi. "Umepanda daraja!"

"Mke wangu huyo!" fundi viatu alipaza sauti kutoka nyuma, pacha wote magotini. "Na dume la kuleta chakula ni mimi!"

"Chakula chenyewe ulikiunguza!"

Darasa zima likaangua kicheko.

Walipotoka, mumewe alibeba pacha mmoja, jirani, aliyekuja pia kusikiliza, akabeba wa pili. Daftari Mama Pacha hakumpa mtu. Alilibeba mwenyewe, kifuani, mpaka nyumbani.