Picha za Boma la Omanga

Siku ya soko, duka la kompyuta pale Migori mjini lilijaa mpaka mlangoni. Lynnet, mpiga picha wa Homa Bay, aliingia amekumbatia kompyuta yake ya mezani kama mtoto mgonjwa. Gauni la njano, viatu vyeupe, kidevu juu. Magige, fundi Mkuria wa Isebania, akamsahau mteja aliyekuwa naye.

"Inasumbua nini, jaber?" akauliza, yaani mrembo kwa Kijaluo.

"Nikifungua folda ya picha, inaganda. Na siitwi jaber."

"Basi waliokupa jina walikosea."

Lynnet akacheka, ingawa hakutaka. Programu ya mafaili iliyokuja na kompyuta ilikuwa imelemewa na picha, kwa hivyo Magige akamwekea nyingine, yenye madirisha mawili ubavu kwa ubavu. Tangu hapo simu kati yao hazikukatika.

"Umekula, sweetie?"

"Nimekula. Wewe umeniwaza?"

Lakini fundi wetu, kwa kujua kwingi, alikuwa amezipanga picha zote upya kwa tarehe. Phelesia, mjane wa Omanga, alipokuja studio kuchukua picha ya marehemu ya kuweka juu ya jeneza, Lynnet alitafuta mbele yake mpaka akaona aibu. Mazishi yalikuwa kesho yake.

"Umegusa kazi yangu bila kuniuliza!" alifoka kwenye simu.

"Si tarehe ndio mpango poa?"

"Huku nani anakumbuka tarehe? Watu wanakumbuka boma! Nilipanga kwa maboma!" Akakata.

Magige alivaa shati lake la kanisani akaenda Homa Bay. Alimkuta studio, macho mekundu, Phelesia bado ameketi.

"Pole sana, mama," akamwambia mjane. Kisha, "Lynnet, nimekosa. Nimeleta programu tatu. Jaribu mwenyewe, mimi nanyamaza."

Alijaribu zote. Akaacha ile ya madirisha mawili, akachagua moja ya kawaida iliyomwezesha kuweka maboma yake upande wa kushoto, kila moja na rangi yake.

"Hii."

"Lakini ile ingine iko fasta..."

"Magige."

"Sawa. Hii."

Wakarudisha picha pamoja, boma kwa boma, mpaka Omanga akatokea akitabasamu chini ya kofia. Lynnet akaichapa picha, Phelesia akaipokea kwa mikono miwili. "Nyathina, mwanangu, Mungu akubariki," akasema.

Magige akatoka nje, akampigia mama yake. Alijaa fahari.

"Mama, nimepata msichana. Kazi yake anaijua, na mimi hanisikizi hata kidogo."

"Wewe? Fundi mzima?"

"Mimi."

"Basi usimwache. Tutakuja kwao kuposa lini?"

Magige akageuka. Lynnet alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote, hata sauti ya mama iliyopaa kutoka kwenye simu.

"Mwambie Jumamosi," akasema.