Ngoma Iliyopasuka Mogogosiek

Huku kwetu kwenye mashamba ya majani chai, mvua haimwombi mtu ruhusa. Asubuhi jua huwaka vizuri na wachumaji hujaza vikapu vyao, lakini baada ya chakula cha mchana mawingu hukusanyika na maji yakamwagika. Kwa hiyo kwaya ya shule ya kina Quinter ilifanya mazoezi jikoni, kati ya sufuria na magunia ya maharagwe. Mpishi alikuwa amezoea kusonga ugali huku akiitikia.

Quinter, msichana wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyekuwa mpiga ngoma. Kabla yake ngoma ilikuwa ya wavulana tu, na wapo waliocheka Mwalimu Kuria alipomchagua. Walinyamaza siku walipomsikia akiipiga.

Ngoma yenyewe ilikuwa ya ngozi ya ng'ombe, na ngozi ina madeko yake. Ikipata unyevu hulegea. Ndiyo maana ilivalishwa aproni ya plastiki, kama ile ambayo wachuma chai hujifunga wakati wa mvua. Ikilegea, Mwalimu Kuria huiweka mwenyewe mbali kidogo na moto, akiigeuza polepole.

"Kuipasha ngoma moto ni kazi yangu," alizoea kuwaambia. "Mwingine asijaribu."

Siku ya tamasha la nyimbo, basi la shule liliwateremsha Mogogosiek na mvua ikawapokea. Uwanja ulikuwa mbali kidogo na barabara. Quinter alikuwa amesukwa nywele jana yake, tena kwa shanga. Alitazama mawingu, akatazama ngoma, kisha akaivua aproni na kujifunika yeye. "Si mbali, ni hapo tu," alijiambia. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Walipofika chini ya hema, aliigonga kidogo kwa kidole. Pu! Ilitoa sauti ya gunia la unga. Hapo angemwambia mwalimu, na huenda mambo yangekwisha. Lakini alijua wale wavulana wangesema nini. Akaibeba ngoma mpaka nyuma ya hema, ambako Mama Nyaguthii alikuwa akiuza chai na mahindi ya kuchoma. Makaa yalikuwa mekundu. Quinter akaiegemeza ngoma karibu kabisa na jiko.

"Wewe mtoto, hiyo si mahindi!" Mama Nyaguthii alimwambia.

"Mwalimu ndiye amenituma," Quinter alijibu bila kumtazama.

"Haya basi. Lakini isongeze nyuma kidogo."

Quinter hakuisongeza. Alikuwa na haraka, na haraka haina baraka.

Paa!

Watu waliinama. Mama Nyaguthii aliangusha birika. "Ngai! Ni bunduki?"

Quinter aliduwaa. Ngozi ilikuwa imechanika kutoka ukingo hadi ukingo. Mikono ilianza kazi kabla akili haijarudi. Aliifunga ngoma kwa aproni, akakimbia nayo, akaiweka katikati ya mizigo ya kwaya. Gordon, mwimbaji wa sauti nzito, ndiye aliyepewa kazi ya kulinda mizigo. Wakati huo alikuwa amegeuka kumsalimia nyanya yake, aliyetoka Chepilat kuja kumsikiliza. Hakuona kitu.

Zamu yao ilipokaribia, Mwalimu Kuria alikuja kuichukua ngoma. Akaifungua aproni, akabaki mdomo wazi. Shirley, mwimbishaji wao, akaanza kulia.

"Nani alikuwa analinda mizigo?" mwalimu aliuliza.

"Ni mimi, Mwalimu," Gordon alijibu.

"Umeikalia?"

"Hapana, Mwalimu! Haki ya Mungu, hata sijaigusa."

"Kwa hivyo imejipasua yenyewe? Vua sare. Leo huimbi."

Gordon akaanza kufungua vifungo, na nyanya yake amesimama pale pale akimtazama. Quinter alishtuka kuliko alivyoshtuka ngoma ilipopasuka. Mwenzake alikuwa anavuliwa nguo kwa kosa lake, naye amesimama tu!

"Ni mimi!" Sauti ilimtoka kwa nguvu hata kwaya ya jirani ikageuka. "Mwalimu, si Gordon. Ngoma ilinyeshewa kwa sababu nilichukua aproni nikafunika nywele. Halafu nikaichoma kwa jiko."

Gordon aliacha kufungua vifungo.

"Wewe, Quinter?" Mwalimu Kuria aliuliza polepole. Kisha akamgeukia Gordon. "Nimekukosea, kijana wangu. Nimekuhukumu kabla ya kuchunguza. Funga vifungo." Akamgeukia na nyanya. "Mama, nisamehe."

Kipaza sauti kikaita jina la shule yao. Waende bila ngoma? Gordon alitazama miguu yao. Kwa sababu ya tope, wote walikuwa wamevaa gambuti za mpira, na jukwaa lilikuwa la mbao. Akakanyaga ubao wa ngazi. Du! Du-du!

"Mwalimu, si tupige hivi?"

"Haya! Quinter, mapigo unayajua kutushinda wote. Simama mbele uwaongoze."

Waliimba. Mvua ilishindana nao, na katikati ya wimbo wale wadogo walitaka kukimbia mbele ya mapigo, lakini Quinter alikanyaga mpaka nyayo zikamwaka moto. Walishika nafasi ya tatu. Shule mbili tu ndizo zilizochaguliwa kuendelea. Shirley alilia tena, na wengine walimtazama Quinter kwa jicho la pembeni. Hakuwalaumu. Alimwendea Gordon na nyanya yake, akawaomba msamaha.

Walipokuwa wakilingojea basi, Mwalimu Kuria alimwita.

"Mwamba ngoma huvutia kwake," alisema. "Nawe leo uliivutia aproni kwako. Jumatatu utakuja tuwambe ngozi nyingine, na utavuta kamba mpaka mikono iume."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Lakini sikiliza, na mimi mwenyewe nijisikilize. Ngoma ikipasuka, huwambwa upya. Jina la mwenzako ukilipasua, utaliwamba kwa ngozi gani?"