Eda Iliisha Jumatatu

Meseji iliingia Alhamisi, saa kumi kasoro: "Nipo bustani ya mnarani kama nilivyoahidi. Mabruki."

Nikavaa baibui, nikatoka kwa hasira. Ba'mdogo, aliyenilea, alikuwa anataka jibu langu la posa ya Sadiki kabla ya magharibi.

Mabruki, fundi seremala wa Ipuli, alisimama chini ya mnara wa vita, kanzu imenyooshwa pasi. Pikipiki zilikuwa zinazunguka kipilefti kwa fujo.

"Mwanne! Habari za..."

"Jumatatu ulikuwa wapi?"

"Jumatatu? Kazini."

"Mimi nilikuwa hapa, saa kumi mpaka adhana. Mpiga picha kaniuliza mara tatu namsubiri nani. Siku yangu ya kwanza kutoka ndani tangu nimzike mume wangu, nikakaa hapa kama mzigo uliosahauliwa stendi!"

"Lakini niliahidi tuonane hapa siku eda yako ikiisha. Si imeisha leo?"

"Nani kakwambia?"

"Nimehesabu mwenyewe. Miezi minne na siku kumi. Kila asubuhi nakata tarehe kwa penseli."

Akanionyesha picha kwenye simu: kalenda ya duka la mbolea, imechorwa misalaba mitupu.

"Mtoto wa Kiislamu, unahesabu eda kwa miezi ya mishahara? Eda ni mwezi mwandamo! Iliisha Jumatatu."

Akaitazama upya ile picha ya kalenda.

"Wallahi sikujua. Na shehe ningemuulizaje? Angejua nataka nini."

Nilikaribia kucheka. Nikajizuia.

"Jana watu wa Sadiki wameleta posa. Sikukataa. Nilijua umeghairi."

"Umemkubali?"

"Unaniuliza kama nani? Umewahi kuniambia unanitaka?"

"Ulikuwa edani, Mwanne! Ningesemaje?"

Simu yangu ikaita. Ba'mdogo. Nikaweka spika.

"Mwanne, watu wamefika, wanasubiri. Niwaambie nini?"

Nikamsogezea Mabruki simu.

"Sema. Leo sina eda."

Akainamia simu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mabruki, fundi wa Ipuli. Mzee... namtaka Mwanne. Nataka nimuoe."

Nilisikia mtu akikohoa huko sebuleni kwetu.

"Mwanne, upo hapo?"

"Nipo, ba'mdogo."

"Huyu unamjua?"

Marehemu mume wangu, Shaban, alinijia mbele ya macho, vile alivyokuwa akivua viatu mlangoni akiniita kabla hajaingia. Nikamwomba radhi kimoyomoyo.

"Namjua. Ndiye ninayemtaka."

Ba'mdogo akashusha pumzi.

"Hawa wageni nitawaaga kwa heshima. Na wewe fundi, kwetu posa haipokelewi kwa simu. Kesho baada ya sala ya Ijumaa, walete wazee wako."

Walikuja wanne. Mimi nilikuwa jikoni, nawasikia wakitaniana na ba'mdogo, chai inachemka, machozi yananitoka. Mengine yalikuwa ya Shaban.