Jina Lisiloitwa

Haya mbele ya wageni, ilimfunga kauli,
Jina likawa kinywani, mwenye jina yuko mbali.

Rafiki yangu Nilo hunisimulia haya akitazama miguu yake. Aliwapeleka binamu zake wa Manila kuogelea katika bwawa la mwambani, nyuma ya mji wetu. Kwetu, atokaye majini huitwa kwa jina na kuambiwa twende nyumbani, ili nafsi yake isisalie humo.

Jua lilikuwa likizama. Nilo alipofungua kinywa kuwaita, Marivel, mdogo wao, aliangua kicheko.

"Kaka Nilo, bado mnaitana kama kuku jioni?"

"Nani kasema naita mtu?" akajibu, uso ukimwiva kwa haya. "Vaeni ndala, twende."

Hawakuwa wamefika mbali gizani aliposikia maji yakidondoka nyuma yake, tone baada ya tone, kama ya mtu aliyetoka kuoga. Alichelea kugeuka, wasije wakamcheka tena. Hatimaye aligeuka.

Mbele, ndala za Marivel ziliendelea kupigapiga njiani. Nyuma, juu ya mwamba, Marivel alikuwa amesimama, nywele zikichuruzika, akisubiri kuitwa.