Niliugeuza Uso wa Dada Yangu Kuwa Stika

Nina miaka thelathini na tatu, sina mume, na nina kibanda cha vifaa vya simu hapa Singida mjini, jirani na soko. Wasomaji wenzangu, mikasa mingi tunayosoma hueleza jinsi mtu alivyodhulumiwa. Huu wangu si hivyo. Mdhulumu ni mimi mwenyewe, Zena.

Mama yetu alifariki nikiwa na miaka sita. Baba alikuwa mfanyabiashara wa nguo aliyekuja huku kutoka Tanga, mtu wa safari, leo yuko Itigi kesho yuko Nzega. Aliyenilea ni dada yangu Salima. Alinisuka, alinipeleka shule na madrasa, alikesha nami nilipougua surua. Alipoposwa na shemeji Athumani wa Unyambwa, alimwambia wazi kwamba akimchukua yeye amchukue na mdogo wake. Shemeji akakubali. Nikakulia nyumbani kwao.

Shemeji alikuwa dereva wa lori la vitunguu. Miaka mitatu iliyopita aliugua wiki mbili tu, akatuacha. Dada alibaki na shamba lake la alizeti na kuku wake.

Niwaambie kidogo kuhusu dada. Ana meno ya rangi ya chai, kama wengi wetu tuliokunywa maji ya visima vya huku, na jino moja la mbele halipo. Hakuwahi kujali! Akicheka, anacheka kwa mdomo wote mpaka majirani wanauliza kuna nini.

Mimi biashara yangu ni vitu vya ajabu ajabu. Feni za kuvaa shingoni, taa za duara za kupigia picha, spika zenye umbo la yai… Siku moja nikapata miwani nyeusi yenye spika ndogo ndani ya vishikio. Ukivaa, sauti ya simu unaisikia wewe peke yako. Aliyekaa pembeni yako hasikii kitu.

Wakati huohuo, nikiwa nasafisha simu yangu ya zamani, nikakuta ujumbe wa sauti wa marehemu shemeji. Maneno ya kawaida tu. "Zena, mwambie Salima nimeshapita Manyoni. Aniwekee maji ya kuoga, nakuja na njaa!"

Nililia. Kisha nikapata wazo la kumfanyia dada jambo la kumshangaza.

Jumapili nikaenda Unyambwa. Nilimkuta uani anapepeta mbegu za alizeti. Nikamwambia, "Shikamoo dada. Hebu jaribu miwani hii, nikuone kama inakupendeza." Akaivaa huku akicheka, akaniuliza kama sasa anafanana na wake za wakubwa. Mimi nikashika simu moja ya kurekodi video, na kwa ile nyingine nikaicheza sauti ya shemeji.

Ungo ulimponyoka. Mbegu zikamwagika zote! Mikono ikaenda juu, miwani ikapinda, mdomo ukafunguka wote, akageuka kutazama lango.

"Unasemaje?!" alipiga kelele. "Athumani! Unasemaje?!"

Kisha akakaa chini kwenye vumbi. Alilia… halafu akacheka… halafu akaniomba arudie kusikia. Alisikiliza tena na tena mpaka miwani ikaisha chaji. Wakati wa kuondoka alinishika mikono yote miwili akasema, "Mungu akulipe, mdogo wangu. Leo umenirudishia mume wangu."

Ningeishia hapo… ningekuwa mtu mwema.

Siku chache baadaye nilikuwa kibandani, wateja hakuna. Nikaifungua ile video. Nikaisimamisha pale mdomo ulipofunguka. Na nikacheka, jamani! Sijui shetani gani alinikalia. Nina programu ya kutengeneza stika, hizi picha ndogo tunazotumiana kwenye magrupu badala ya kuandika. Ikaukata uso wa dada kwa sekunde tu. Nikaweka maneno chini yake: UNASEMAJE?! Programu ikataka jina la mtengenezaji. Nikaandika jina la kibanda changu, nikidhani ni tangazo zuri.

Nikairusha kwenye grupu letu la wanawake tuliosoma pamoja. Watu kumi na wawili tu. Walicheka mpaka wakashindwa kuandika!

Mmoja peke yake hakucheka. Ni Tatu, rafiki yangu tangu darasa la kwanza, ambaye baadaye aliolewa na kaka yetu Idi akawa wifi yangu. Aliandika, "Zena, huyo si dada Salima? Futa bwana, si vizuri."

Mnajua nilimjibu nini? Nilimtumia ile ile stika. Unasemaje?!

Stika haina miguu, lakini hutembea kuliko basi. Ndani ya mwezi mmoja nilitumiwa na mteja wa Dodoma. Kisha binamu yetu wa Tanga akaniuliza mbona mama huyu anafanana na ndugu zetu. Watu waliitumia bando likipanda, timu ikifungwa, mchumba akiomba vocha. Mimi nilijivuna kimoyomoyo. Kitu changu kimefika mbali!

Dada hakujua lolote, kwa sababu simu yake ni kitochi kisichopokea picha. Alijulia mnadani, alikokwenda kuuza kuku. Vijana walimzunguka, mmoja akaweka simu karibu na uso wake kumlinganisha, wakaanza kumwomba, "Mama wa stika, hebu sema Unasemaje!" Watu wakajaa. Aliwaacha kuku wake pale pale, akaja moja kwa moja kibandani kwangu.

Hata salamu yangu hakuiitikia. Aliuliza tu, "Zena, hivi stika ni kitu gani?"

Nikamweleza, macho yangu yakiwa chini.

"Sasa nani kanifanya mimi kuwa kitu hicho? Video ile si ulikuwa nayo wewe?"

Hapo ndipo nilipopewa nafasi ya kusema kweli, wasomaji wenzangu. Nafasi safi kabisa! Lakini nikasikia mdomo wangu unasema kwamba video nilimwonyesha Tatu, akaomba nimtumie… na Tatu mnamjua, hakuna kitu asichokituma.

Dada alikwenda kwa kaka Idi jioni ile ile. Tatu aliapa kwa Mungu kwamba si yeye, akanitaja mimi. Dada alimfokea, akamwambia, "Usimsingizie mwanangu!" Mwanangu… hivyo ndivyo alivyoniita.

Tatu akataka kuonyesha ushahidi kwenye simu, hakuupata. Alikuwa amebadilisha simu na mazungumzo ya zamani yote yamepotea. Mimi nilijua hilo vizuri, kwa sababu simu mpya aliinunua kwangu. Na wenzetu wa grupu walinyamaza wote. Nani anataka kuingilia ugomvi wa mawifi?

Kaka Idi alimrudisha Tatu kwao Kiomboi. Siku anaondoka na mabegi yake alipita mbele ya kibanda changu. Hakutukana. Alinitazama tu, nikajifanya napanga chaja.

Sasa sikieni. Miezi hiyo hiyo dada alikuwa amepata mtu wa heri. Mwalimu mstaafu wa Nduguti, aliyefiwa na mke, mtulivu, aliyezoea kuja kununua kuku wa kienyeji mpaka tukajua si kuku tu anachofuata. Ilipangwa kwamba Ijumaa baada ya swala angeleta wazee wake kuposa. Aliiona ile stika, ndiyo. Kila mtu alikuwa nayo. Alimwambia dada kwamba wanaocheka watachoka wenyewe. Dada alinisimulia maneno hayo huku akitabasamu, mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Jumanne ya wiki ile, Mwalimu alikuja kibandani. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia. Kisha akaweka simu yake juu ya meza. Mwanawe alikuwa amemwonyesha kwamba ukiigusa stika, chini yake linatokea jina la aliyeitengeneza. Akaigusa mbele yangu. Jina la kibanda changu likatokea, herufi kwa herufi, sawasawa na lilivyo kwenye bango juu ya kichwa changu.

Nikaigeuza simu yake kifudifudi.

Hakupaza sauti. Alisema, "Mimi sitamwambia. Huyo ni dada yako, mwambie wewe. Lakini sitakaa mkekani kumposa mwanamke huku najua anadanganywa ndani ya nyumba yake. Una mpaka Ijumaa. Ukishamwambia, nipigie."

Jumatano nilifunga safari ya Unyambwa. Nilimkuta dada anapaka chokaa ukuta kwa ajili ya wageni. Nikamsaidia kupaka, nikarudi mjini. Alhamisi nikaenda tena. Tukachambua mchele wa pilau. Nikaaga bila kumwambia.

Ijumaa tulikaa. Saa saba, saa nane, saa tisa. Mikeka imetandikwa, pilau imefunikwa, kaka Idi amevaa kanzu. Hakuja mtu. Kila pikipiki iliyopita barabarani dada aliinuka nusu, akakaa tena. Ilipofika alasiri alianza kugawa chakula kwa majirani. Alipomaliza alisema, "Hata mzee wa watu amenionea haya."

Na mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo, sahani mkononi, na bado nikanyamaza! Ni mtu wa namna gani huyo?

Wiki mbili zikapita. Siku moja dada akaniomba nimsindikize hospitali. Nikauliza anaumwa nini. Akasema haumwi. Anataka kung'oa meno.

"Yapi, dada?"

"Yote ya mbele. Nitawekewa ya bandia, meupe. Labda hawatanitambua."

Tulikaa kwenye benchi la wagonjwa wa meno, dada katikati, mimi pembeni, upande wa pili mama mmoja na mtoto aliyevimba shavu. Yule mtoto alikuwa anamkodolea macho dada. Dada akavuta kanga yake, akafunika mdomo. Ndipo mlango ukafunguliwa na muuguzi akaliita jina lake.

Akasimama. Nikamshika mkono.

"Dada, usiingie. Si Tatu… ni mimi. Niliitengeneza mimi. Mwalimu alijua, alinipa siku tatu nikuambie, nikashindwa. Ndiyo maana hakuja. Si meno yako, dada. Ni mimi!"

Muuguzi aliita tena. Dada hakumsikia. Alinitazama kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa vibaya.

Kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Wao walicheka kwa sababu hawakujua nilikuwa nasikia nini. Wewe ulijua."

Akautoa mkono wake kwenye wangu, akaenda zake. Nilimfuata mpaka getini. Alinikataza kwa kidole tu, bila kugeuka.

Siku ile ile nilimpigia kaka Idi nikamweleza kila kitu. Alikata simu kabla sijamaliza. Kesho yake alikwenda Kiomboi kumwangukia mkewe miguuni. Tatu amerudi kwa ajili ya watoto, lakini namsikia akiniita "dada wa mume wangu," kana kwamba jina sina.

Nilikwenda pia Nduguti. Mwalimu alinipokea vizuri, akaja Unyambwa mwenyewe kuomba radhi. Dada alimkaribisha, akamchinjia kuku, akamshukuru… na akamkatalia. Alisema hataki tena kusimama mahali ambapo watu watamtazama. Na harusi ni kutazamwa, ama sivyo?

Stika niliifuta kwenye programu yangu na kwenye simu yangu. Kuna faida gani? Iko kwenye simu za watu nisiowajua, miji nisiyowahi kufika. Juzi tu mteja alinijibu kwa hiyo nilipomtajia bei ya kava. Nilifunga kibanda nikarudi nyumbani.

Sikukuu ya Idi iliyopita nilikwenda kwa dada kuomba msamaha kwa mara nyingine. Alinipa mkono. Alisema amenisamehe kwa ajili ya Mungu, akanipakulia chakula, tukazungumza habari za mvua na alizeti. Nikaanza kupumua. Basi simu yangu ikaita ndani ya mkoba. Nilipoitoa tu, dada akavuta kanga haraka akafunika mdomo, akageukia ukutani. Hakufanya kwa kunikomoa. Mkono wake ulikwenda wenyewe!

Sauti ya shemeji ninayo bado. Hajaniomba tena kuisikia, nami sithubutu kumuuliza.

Ndugu zangu, mimi siwaambii mwache simu. Naishi kwa kuziuza. Nawaambia kwamba ule uso unaokuchekesha kwenye kiganja chako ni wa mtu, na siku picha ile inapigwa kulikuwa na jambo moyoni mwake. Usiuchukue uso wa mwenzako ukaugeuza mchezo, hata kama ni ndugu, hata kama ni kwa watu kumi na wawili tu. Na ukishakosea, sema siku hiyo hiyo! Mimi kila siku niliyochelewa ilimla mtu mwingine. Ilimla Tatu, ikamla Mwalimu, ikammaliza dada yangu.

Nina ombi moja. Tafuta kwenye simu yako. Kama kuna mama mwenye miwani nyeusi iliyopinda, mikono juu, mdomo wazi… tafadhali ifute. Jina lake ni Salima. Alikuwa anamwitikia mume wake.