Njia ya Nne

Saa kumi na mbili asubuhi uwanja wa mazoezi ulikuwa umejaa pomoni, na fundi cherehani alikuwa amesimama katikati ya njia akiigombeza saa yake.

"Dada, utagongwa," sauti ikasema nyuma yake.

"Acha nigongwe. Nimezunguka mara moja, inasema mita mia nne na thelathini. Hizo thelathini zimetoka wapi?"

Mwenye sauti alikuwa mpima ardhi, mrefu, amevaa kaptura iliyopauka kwa jua. Hakumcheka. Aliinama akaisoma saa kwa makini, na hilo peke yake lilimfanya fundi amtazame mara ya pili. Akamweleza kwamba kwenye kona setilaiti hubahatisha mtu yuko wapi. Kwa hiyo kwanza atulie dakika mbili mpaka saa izipate, kisha achague mazoezi ya uwanjani, aiambie anakimbia njia ya ngapi na azunguke mara kadhaa mpaka ijifunze. Akamwekea njia ya kwanza kwa mkono wake. "Ukishaichagua, ishike hiyo hiyo," akasema.

Fundi alikuwa na haraka zake. Timu ya wanawake ya jiji ilikuwa imebakiwa na nafasi moja, na kocha alitaka mita elfu tano ndani ya dakika ishirini na mbili. Yeye alikuwa akizunguka kwa dakika moja na sekunde arobaini na sita, yaani sekunde tano tu za mbio nzima zilimnyima timu. Jaribio lilikuwa Jumamosi, wiki sita mbele.

Sasa, moyo haungoji majaribio. Mpima alikuwa akikimbia taratibu njia ya tano, na haikupita wiki mbili fundi akahamia ya nne ili wapige soga. Alijishonea kaptura mpya ya samawati yenye ukanda mweupe, wakati zamani alikimbia na chochote kilichokuwa kikavu. Jioni simu ililia mpaka mama yake akauliza ni mteja gani huyo wa kila siku. Mpima alimwita "kasi yangu," naye akajidai kukasirika.

Lakini saa ilikataa kufurahi naye. Arobaini na tisa, hamsini, arobaini na tisa tena. Fundi alilala mapema, akaacha soda, wapi. Akabaki na jambo moja lililobadilika maishani mwake, nalo lilikuwa na miguu mirefu. Ilimuuma, lakini ndoto ya timu alikuwa nayo kabla ya mwanamume huyo. Akaanza kufanya mazoezi mchana, bado njia ya nne kwa mazoea, akaacha kupokea simu. Mpima alipoandika, "Mpenzi, nimekukosea nini?" akamjibu kwamba kazi zimembana, akalia juu ya cherehani.

Siku tatu kabla ya jaribio alikuwa akikata sketi ya duara. Akapima kiuno, akapima pindo la chini, kama alivyofanya mara mia. Kitambaa kilekile, duara lilelile, lakini pindo lilikuwa refu zaidi kwa sababu lilikaa nje. Mkasi ukasimama. Akaivuta saa, akafungua mpangilio wake. Njia ya kwanza.

Hakumaliza sketi. Alikwenda uwanjani juani, akashika njia ya kwanza kabisa, akakimbia mzunguko mmoja kwa mwendo wake wa siku zote. Dakika moja, sekunde arobaini na tatu. Akakaa chini kwenye nyasi. Majuma yote yale alikuwa akikimbia zaidi ya mita ishirini za ziada kila mzunguko, na saa ikimhesabia mia nne kavu. Kumbe mapenzi yalimwongezea mbio.

Akampigia mpima akiwa bado anahema.

"Njia ya nne," akasema, bila hata salamu. "Saa bado ilikuwa njia ya kwanza."

Mpima hakuuliza saa ipi.

"Ulijua wewe," fundi akasema.

"Nilijua toka siku ya pili."

"Na ukanyamaza? Mtu wa vipimo?"

"Ningekwambia, ungerudi njia ya kwanza. Mimi mbio zako siziwezi, ungeniacha nyuma. Sikujua zile namba zinakuumiza, mpenzi. Hukuniambia."

Alikuwa na hasira, kweli kabisa. Alikuwa pia na furaha. Akamwambia aje Jumamosi, asimame kwenye mstari na kumsomea muda kila mzunguko, wa kweli, hata ukiwa mbaya.

Alikuja. Alisoma muda mara kumi na mbili bila kupunguza wala kuongeza, hata mzunguko wa tisa ulipochelewa. Dakika ishirini na moja, sekunde thelathini na nne. Kocha akaandika jina la fundi.

Fundi akamwendea mpima, jasho likimtiririka.

"Kesho mama anataka kukuona."

"Umemwambia mimi nani?"

"Nimemwambia kuna mtu aliwahi kunificha ukweli, na sitaki anifiche tena maisha yangu yote. Akaniuliza kama ndiyo posa." Akafuta uso kwa mkono. "Nikasema swali hilo akuulize wewe."

Mpima akauliza afike saa ngapi.