Kitambaa cha Mama Notburga

Rafiki yangu Pankras, fundi kompyuta wa Mbinga mjini, humdharau kila asiyejua kompyuta, mimi nikiwa wa kwanza. Kisa hiki alinisimulia kwa shida, akiangalia chini.

Aliitwa Lituhi, kwenye ofisi ya watafiti wa ziwa, ambako kompyuta kadhaa zimeunganishwa zigawane hesabu moja kubwa ya mawimbi. Kila kazi ilipokuwa nzito, ile ya kwenye kona ilizimika na kuharibu hesabu nzima. Alizikuta zote zimefunikwa vitambaa vya kudarizi, kama redio za sebuleni.

"Mnazifunika mablanketi halafu mnashangaa zikichemka," alimwambia Mama Notburga, mtunza ofisi, bila hata shikamoo.

"Nyingine funua, mwanangu," mama alijibu. "Hiyo ya kwenye kona iache."

Pankras alicheka kwa dharau, akavitupa vyote sakafuni. Mama akatoka, akafunga mlango.

Akaanzisha kazi. Feni zikanguruma, na ya kwenye kona ikazimika kama kawaida. Bwana mkubwa Pankras akaichomoa kwenye umeme, akaifungua, akatoa kila kilichomo mpaka likabaki boksi tupu. Ndipo umeme ukakatika. Madirisha ya mbao yalikuwa yamefungwa kuzuia vumbi, kwa hiyo chumba kikawa giza, na feni zote zikanyamaza.

Isipokuwa moja, kule kwenye kona.

Akawasha tochi ya simu. Feni ya kompyuta ile alikuwa bado ameishika mkononi, imetulia. Juu ya boksi tupu kitambaa kilikuwa kimerudi, kimenyooshwa vizuri, kikipanda na kushuka taratibu.